Na Mvua Ikinyesha?

Mke wangu ana tabia moja inayonichosha kuliko LUKU kuisha saa tano usiku: akitaka kukuharibia jambo habishani nawe. Anauliza swali moja tu, halafu anaendelea kuchambua mchele.

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Gari dogo la kijani kilichokolea, milango miwili, viti viwili vya ngozi rangi ya korosho iliyokaangwa, usukani wa mbao, na paa la turubai limekunjwa nyuma kama mkeka wa wageni. Nikaeleza kwa dakika kumi. Upepo, nikasema. Jioni, nikasema, Barabara ya Bagamoyo, sisi wawili. Akaiangalia picha, akaniangalia mimi, akarudi kwenye ungo.

"Na mvua ikinyesha?"

Nikamwambia paa linafunikwa. Hakujibu. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje ya mlango, na kwa namna alivyokitupa nikajua kile kijiwe ni mimi.

Kinachoniudhi ni hiki. Mwanaume wa miaka 53 akinunua kiwanja Chanika, tena kisicho na hati, ataitwa mwenye maono. Akinunua mashine ya kufyatulia matofali atapigiwa makofi kwenye kikao cha ukoo. Akitaka gari la wazi, anaulizwa kama amepima sukari hivi karibuni. Shemeji yangu aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa sauti ya huruma. Kijana wangu yeye aliuliza kama tunafungua biashara ya kukodisha magari ya harusi, maana katika mji huu gari la wazi ni lile linalotambaa Jumamosi jioni, maharusi wameketi juu nyuma, matarumbeta yametangulia kwenye pikapu. Nikamweleza kuwa hili halina kiti cha nyuma. "Sasa maharusi watakaa wapi, baba?" Na huyo nimemsomesha.

Binamu yangu wa Mombasa ndiye aliyenimaliza. Kwao Kenya gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo wanatuona sisi huku kama watu tunaopokea mizimu bandarini. Nilipomwambia gari ni la 1992, alinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. "Ndugu yangu," akasema, "hiyo si gari, hiyo ni maiti." Nikamjibu kuwa sisi hatubagui wazee, mzee akifika analipiwa kodi ya uchakavu, anaingia mjini kama wengine. Akaniuliza kodi hiyo ni ya gari au ya mnunuzi.

Lakini gari lenyewe, jamani! Ni lile la Mazda lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, ambalo dunia inalijua kwa jina la MX-5. Kwao Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Magari madogo ya wazi ya Waingereza, akina MG na Triumph na Lotus Elan, yalikuwa yameshatamba na kupita, Wajapani wakachukua wazo lile lile na kuongeza kitu kimoja tu: kuwaka kila asubuhi. Ilipofika 2016 walikuwa wamekwisha kutengeneza magari milioni 1 ya jina hilo. La mwanzo kabisa halifiki uzito wa tani moja. Taa zake za mbele zimelala ndani ya boneti; ukiziwasha zinaibuka kama macho ya chura. Waliolitengeneza walisema walitaka dereva na gari wawe kitu kimoja, kama farasi na mpanda farasi. Maneno hayo niliyasoma saa saba usiku, na ndiyo yaliyoniponza.

Lilikuwa kwenye yadi moja Kinondoni, namba C. Dalali alinihakikishia kwa simu: "Mzee wangu, hiyo gari haina hata shida moja. Ni kuwasha na kuondoka." Nimeishi mji huu miaka 30 na sijawahi kumsikia dalali akitaja gari lenye shida hata nusu. Na mwenyewe wa mwanzo alikuwa nani? "Mama mmoja wa benki, alikuwa analiendea kazini na kurudi tu." Huyu mama nimemtafuta sana. Kwa hesabu yangu amemiliki magari nusu ya Dar es Salaam, yote akiyaendea kazini na kurudi, hajawahi hata siku moja kwenda nayo msibani Tanga.

Nikauliza kilomita. Elfu 68. Nikachukua kalamu, nikagawa kwa siku zote tangu 1992, ikaja chini ya kilomita 7 kwa siku. Mbuzi wa jirani yangu anatembea zaidi, na huyo ana kamba. Nikaomba ile karatasi ya mnada ya Japani, ambayo mkaguzi huchora gari zima na kulitia alama: A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni pale paliponyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na gari lililogongwa likatengenezwa hupewa R badala ya maksi za kawaida. Karatasi hiyo, dalali akasema, ilipotea wakati wa kuhama. Nimegundua kwamba watu wakihama katika nchi hii hawapotezi masufuria. Wanapoteza karatasi za mnada.

Basi nikamchukua fundi wa mtaani kwetu. Ni mtu wa maneno machache, na kila neno lina bei. Kazi ya ukaguzi anatoza shilingi 50,000, na majibu yake ni miguno. Mguno mmoja ni bushi. Miwili ni gia boksi. Akiguna mara tatu, anafunga kisanduku chake na mnatafuta daladala ya kurudi nyumbani.

Tulikuwa tumepatana na dalali saa nne asubuhi. Fundi akasema twende saa mbili. Tukamkuta dalali hajanywa hata chai. Fundi hakusalimia sana. Alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, taratibu, kama mama anayempima mtoto homa. Baridi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Injini mbovu huona aibu asubuhi tu. Ukiikuta imekwisha pashwa moto, ujue kuna kitu kimefichwa usingizini. Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akanipa nikione kwa chini. Kingekuwa na utando mweupe kama uji wa maziwa, maana yake maji na oili vimekutana na gasketi ya silinda hedi imekufa. Kilikuwa kisafi. Likawashwa, sote tukahamia nyuma kutazama moshi kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Moshi wa bluu ni gari linalokula oili. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu ya utamu, ni gari linalokunywa maji ya rejeta. Hapakuwa na moshi wowote. Kulikuwa na mlio tu, tik tik tik tik, juu ya injini.

"Huo mlio wa nini?" nikauliza kwa hofu.

"Injini inaomba oili. Mlio utanyamaza."

Baada ya dakika mbili ukanyamaza kweli. Kuhusu taimingi belti hakuna aliyejua ilibadilishwa lini, na fundi akasema tuhesabu haijabadilishwa kamwe. Habari njema ni kwamba injini ile ya 1600 belti ikikatika vale hazigongani na pistoni. Injini haifi. Unakufa wewe kwa jua, kando ya barabara.

Taa nazo zikajaribiwa. Ya kulia ikaibuka. Ya kushoto ikabaki imelala. Lilinikonyeza, nasema kweli, na moyo wangu ukaenda. Fundi alifungua boneti, akatafuta kitufe cha mpira karibu na mota ya taa, akakizungusha kwa mkono mara nyingi sana, jicho la pili likapanda polepole kwa uvivu. Mguno mmoja.

Hadi hapo nilikuwa nimeshaanza kupanga nitavaa kofia gani.

Sasa hapa ndipo ninapowadai watu wote walionishauri bure. Kila mtu, kuanzia mhasibu wa ofisini hadi kinyozi wangu, aliniambia nikague injini. Kagua injini, kagua injini! Hakuna hata mmoja aliyeniambia kuwa gari lisilo na paa ni mnyama mwingine. Chukua boksi la sabuni. Likiwa limefungwa, linabebeka hata ukilishika pembe moja. Kata kifuniko chake, ulinyanyue kwa pembe hiyo hiyo, uone linavyojikunja. Ndivyo gari lilivyo. Ukiondoa paa, nguvu yote inahamia chini, kwenye ule mkanda wa bati ulio chini ya mlango, unaoukanyaga ukipanda. Mkanda huo ukila kutu, huna gari. Una sahani mbili zilizounganishwa kwa zulia.

Fundi akapiga jeki pembe ya nyuma, gari likanyanyuka, akaniambia nifungue mlango na kuufunga. Gari ambalo mgongo umelegea, mlango hukwama au hugoma kufunga likiwa limenyanyuliwa hivyo. Wetu ulifunga, kwa malalamiko. Halafu akaanza kugonga ule mkanda kwa mpini wa bisibisi, akiinamisha sikio. Kang. Kang. Kang. Akakaribia gurudumu la nyuma. Pu.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekuja na sumaku ya friji ya mke wangu, yenye umbo la nanasi, niliyoichukua alfajiri bila kuomba. Nikaipachika kwenye mlango: nanasi likang'ang'ania. Juu ya tairi: likang'ang'ania. Nikaipeleka pale palipolia pu. Nanasi likaanguka kwenye vumbi.

"Puti," akasema fundi. Miguno miwili.

Na kwa nini pale, kati ya mahali pote? Akaniita nyuma ya kiti, akasukuma zulia, akanionyesha tundu dogo la kuingiza kidole. Mvua ikinyesha juu ya paa la turubai, maji hutiririka hadi kwenye kijifereji kilicho nyuma ya viti, yakaingia katika mabomba mawili, kushoto na kulia, yakatokea chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Waliotengeneza walifanya kazi yao vizuri. Kinachotakiwa ni mwenye gari kuyazibua mara moja moja. Asipoyazibua, majani na vumbi hujaa, maji yanakosa njia, yanaingia ndani ya ule mkanda na kuuozesha kwa ndani, wakati wewe kwa nje unapiga rangi na kuimba. Nikainua macho. Gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini. Kwa dalili zote lilikuwa limeegeshwa pale tangu mwarobaini ule ukiwa mche.

"Tumwagie maji tuone yanatokea wapi," fundi akasema. Ndicho kipimo chake: jagi moja, unamimina taratibu kwenye kijifereji, mwenzako analala chini kuangalia. Tukamwomba dalali maji.

"Mzee wangu, gari haioshwi hivyo."

"Hatuoshi. Tunapima."

"Maji hayatoki leo."

Yadi nzima ilikuwa na magari arobaini yanayong'aa, yanadondosha matone ya asubuhi ile ile, ila maji hayakuwepo. Tukaacha. Laiti ningejua kuwa kipimo chenyewe kinatufuata kwa miguu yake.

Fundi akaniambia nikae kwenye usukani. Kuingia katika gari lile ni rahisi, unajiachia tu. Kutoka ni mradi. Makalio yako yapo shubiri moja na nusu kutoka ardhini, magoti yanatazama anga, na hakuna cha kushika. Nilijaribu kwa mguu wa kushoto, nikajaribu kwa wa kulia, nikajaribu kwa kujiviringisha. Mwisho dalali alinivuta mkono na fundi akanisukuma mgongo. Nikasikia mguno mmoja. Sikuuliza ulikuwa wa gari au wa kiuno changu.

Kisha tukafika kwenye paa lenyewe. Fundi alilipenda kwa sababu ni la mkono: vifungo viwili juu ya kioo cha mbele, unafungua, unakunja, basi. Yapo magari ya wazi ambayo paa lake ni la bati na linajikunja kwa umeme. Yana pampu, yana mafuta ya haidroliki, yana vihisio vingi, na kihisio kimoja kikidhani buti halijafungwa sawasawa, kazi yote inasimama. Jamaa yangu mmoja alikuwa nalo. Siku moja nje ya kanisa, wakati wa kuaga, paa lilinyanyuka katikati na kugoma hewani, kama mtu aliyekatishwa akivua fulana. Alilirudisha nyumbani hivyo hivyo, ishirini kwa saa, watu wakimpisha wakidhani ni kifaa cha jeshi.

Hili letu lilikuwa na kasoro moja tu ya kuzingatia, fundi akaanza kueleza: kioo cha nyuma ni cha plastiki. Plastiki hiyo ikizeeka inakuwa ngumu, na yetu ilikuwa imegeuka rangi ya juisi ya ukwaju. Kwa hiyo kabla ya kukunja paa lazima ufungue zipu yake, ukilaze kioo taratibu, ndipo... Dalali hakusubiri "ndipo". Alikuwa amekaa kimya muda mrefu na alitaka kuonekana ana faida. Alifungua vifungo viwili, akalishika paa kwa mikono yote, akalitupa nyuma kwa madaha.

Traaa!

Ufa kutoka pembe hadi pembe. Tukanyamaza wote watatu. Kunguru mmoja akanyamaza.

"Hiyo ilikuwepo," dalali akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Nadhani mtu mwenye akili angeondoka hapo. Lakini nilikuwa nimekwisha kukonyezwa. Nikaomba kulijaribu barabarani, na hapo nikagundua sifa kuu ya gari la viti viwili ambayo haijaandikwa popote: dalali hana pa kukaa. Alizunguka gari mara mbili akitafuta nafasi. Hakukuwa na nafasi. Hili peke yake linatosha kumfanya mtu anunue. Ikabidi anishikie kitambulisho na funguo za gari langu kama rehani, akasimama getini akitutazama kama mtoto aliyeachwa siku ya safari.

Ilikuwa Novemba. Juu ya Kinondoni kulikuwa na wingu moja limekaa kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, lakini paa tuliliacha wazi ili ule ufa usiongezeke. Tukapanda Kawawa hadi Morocco, tukaingia Barabara ya Bagamoyo.

Na niseme ukweli, kwa sababu nimelalamika vya kutosha. Kuanzia Morocco hadi karibu na Makumbusho, njia ilikuwa nyeupe kwa bahati ambayo haitokei, na kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha. Gia inaingia kwa kifundo cha mkono tu, fupi, kama kufunga komeo jipya. Usukani hausubiri uamuzi wako, unaujua. Unasikia harufu ya mahindi ya kuchoma kabla hujayaona, unamsikia mtu anacheka kwenye kituo cha basi. Fundi mwenyewe alikuwa ametoa mkono nje kupima upepo kwa vidole. Aliponiona namtazama aliurudisha ndani, akaanza kusikiliza boliti.

Halafu foleni. Katika foleni unagundua umekaa kimo cha ekzosi. Kushoto kwangu tairi la lori, kulia kwangu tumbo la daladala, na dirishani abiria kumi na saba wakinitazama utosini, mahali ambapo mimi mwenyewe sijapaona tangu 2009. Konda akainama. "Mzee, hiyo inapita Posta?" Abiria wakacheka kama waliolipwa. Kwenye kila tuta tumbo la gari lilikwaruza, kraa, na penye mashimo kioo cha kuangalia nyuma kilitetemeka hadi malori yote ya nyuma yakawa mawili mawili. Hilo ndilo gari la wazi, fundi akanieleza: kutetemeka kidogo ni maumbile, kutetemeka sana ni maradhi. Nikamuuliza hili letu ni lipi. Tone la kwanza likamwangukia puani.

Vuli haibishi hodi. Lilianza tone, likafuata lundo. Fundi aliruka magoti juu ya kiti, akalivuta paa kutoka nyuma, likaja, likaja, likafika juu ya vichwa vyetu, na likagoma vidole vinne kabla ya kioo cha mbele. Turubai likikaa limekunjwa miaka hupungua, kama suruali ya harusi. Tulivuta wote wawili, mimi nikiwa nimeshika usukani kwa goti. Halikufika. Tukabaki na paa ambalo halijafunga na halijafunguka, linalokusanya maji yote kwa uangalifu na kuyaleta mapajani mwangu.

Waipa, nishukuru, zilifanya kazi barabara. Zilifuta kioo kwa nje, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuchoka, wakati kwa ndani nilikuwa nakifuta kwa tai.

Pembeni ikasimama bajaji. Ina turubai, na turubai lake linafunga. Dereva wake alikuwa mkavu, anakula karanga. Alinitazama kwa muda, akapunguza muziki. Alifanya hivyo kwa heshima, kama mtu anayepita jirani na matanga.

Mmachinga akatokea na miavuli. Vijana hawa sijui wanaitoa wapi. Kukikauka wana miwani ya jua, kukilowa wana miavuli, hakuna dakika ya katikati.

"Elfu kumi na tano, mzee."

"Mwavuli huu ni elfu saba! Najua bei!"

"Wa elfu saba ni wa kutumia nje, mzee. Huu ni wa kutumia ndani ya gari."

Nikalipa. Nikaufungua. Fundi akaushika, na kwa kuwa ni mtu mwenye vipaumbele, akaufunika kwanza juu ya kisanduku chake cha spana. Tukageuza Mwenge hivyo, mwavuli mwekundu umechomoza kati ya paa na kioo, na naapa kuna watu walitupiga picha.

Hapo ndipo nilipohisi viatu. Maji yalikuwa yamefika kwenye kamba. Nikikanyaga breki, yote yanakwenda mbele kuniosha visigino. Nikiongeza mafuta, yanarudi nyuma ya viti. Tulikuwa na bahari yetu wenyewe, yenye kupwa na kujaa. Fundi akatazama chini kwa makini, akatafakari, akatoa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunitolea.

"Mkuu, mabomba yameziba."

Tulipoingia yadi, dalali alikuwa amesimama barazani, mkavu, ana kikombe cha chai. Sikuweza kutoka mwenyewe, kama unavyojua. Walinifungulia mlango, na maji yakanitangulia: yalitoka kwa kishindo na majani ya mwarobaini ya miaka kadhaa, sarafu ya shilingi 200, kifuniko cha soda, na kibanio cha nywele. Nilikiokota kile kibanio nikakitazama sana. Kumbe mama wa benki yupo kweli.

"Kwa hali hii," nikamwambia dalali, nikikamua soksi, "tuongee bei upya. Milioni 8."

"Mzee wangu, bei ni ile ile, kumi na mbili. Tena umeshaiosha."

Fundi alidai 50,000 yake pamoja na 10,000 ya mvua. Nikaenda zangu nyumbani na gari langu la siku zote, lenye paa la bati, nikidondosha maji juu ya kiti kikavu. Njiani nilikuwa napiga hesabu kwa sauti. Mabomba ni ya kuzibua tu, nusu saa na kipande cha waya laini. Kioo kipo cha kushonea. Turubai jipya linaagizwa. Ule mkanda unachomelewa bati, si mara ya kwanza duniani. Injini ni nzima. Injini ni nzima kabisa!

Mke wangu alifungua mlango. Alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu vilivyokuwa vinalia chwa, chwa. Alinyoosha mkono, nikampa nanasi lake. Akaingia ndani, akarudi na taulo, akakaa kwenye kigoda chake na kuuvuta ungo.

"Bei gani?"

"Anasema kumi na mbili," nikasema haraka, "lakini nikimbana ataachia hata kwa tisa, maana injini..."

"Mwavuli, nauliza."

"Elfu kumi na tano."

Akaokota kijiwe kwenye mchele.

"Umepigwa."